Celestini na Shafti Iliyochoka

Ilikuwa mwaka sabini na saba. Hapana, hapo nimekosea, nafuta. Mwaka sabini na saba ndipo tulipogawiwa kadi mpya za chama, na nakumbuka vizuri kwamba siku shafti ya mashine ya kusaga ilipokatika kadi yangu ilikuwa imeshalika pembe zote mfukoni, kwa jasho na vumbi la unga. Basi ni sabini na nane, mwezi wa Desemba. Vita vya Kagera vilikuwa vina mwezi na kitu, na mvua zilikuwa zimekolea. Mnisamehe. Mimi ni mtu wa kutembea, na miaka yangu imekaa kama mizigo juu ya lori la njia mbovu: ukishuka unakuta gunia la chini limekuja juu.

Ninayetaka kumweleza ni Celestini, mhunzi wa kijiji chetu cha ujamaa upande wa Nyamigogo, wilaya ya Biharamulo. Nimejaribu kumwandika mara tatu. Kila nikikaa, miguu inataka kuondoka. Leo nimevua viatu nikaviweka mbali, labda nitamaliza.

Celestini alikuwa Mrongo, watu ambao babu zao walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma huko porini kabla majembe ya dukani hayajaja. Alikuwa mfupi, kifua kipana, mikono imejaa alama za cheche kama mtu aliyewahi kuugua ndui. Hakuwa msemaji. Mkewe Domisiana alikuwa mfinyanzi, na watu walisema nyumba ile wote wawili wanapika vitu visivyolika. Mwaka sabini na nne, tulipohamishiwa vijijini, Celestini alibeba fuawe lake, lile pande la chuma la kufulia vyuma, begani kutoka kijito alikozaliwa hadi kiwanja alichopewa, mwendo wa siku nzima, akakataa kusaidiwa. Alilitua, akalizungusha mpaka likatulia, kisha ndipo akauliza nyumba itajengwa upande gani.

Mimi nilifika mwaka huohuo nikifuata ng'ombe wa mjomba kutoka Shinyanga. Mbung'o waliwamaliza wale ng'ombe, mjomba akarudi kwao, mimi nikabaki. Kwa kuwa nilikuwa nimefika darasa la nne na ninaweza kusoma maandishi ya kwenye debe la oili, nilipewa kazi ya kuendesha mashine ya kusaga ya kijiji. Mashine na banda la Celestini vilitenganishwa na hatua mia moja tu. Kumbukeni hizo hatua.

Alikuwa na tabia moja iliyochekesha watu. Ukimletea jembe lililovunjika, hakuuliza nani kalivunja. Alichukua kile kipande, akatoka nacho juani, akageuza pale palipovunjika kuelekea mwanga, akatazama kwa muda mrefu, jicho moja amelifumba.

"Unasoma nini humo, Mzee?" nilimwuliza siku za mwanzo.

"Nasoma kilichokiua."

"Kwani chuma kina barua ndani?"

"We Msukuma, ulisoma shule ukaambiwa maandishi yapo kwenye karatasi tu?"

Siku hiyo mvua ilikuwa imenizuia, akanionyesha. Alikuwa na kikapu cha vipande vilivyovunjika, amevipanga kama mtu apangavyo dawa. Cha kwanza kilikuwa kipande cha puli kuukuu, gurudumu la mkanda wa mashine, rangi ya kijivu iliyofifia.

"Weka kidole."

Niliweka. Kidole kilitoka cheusi, kama nimeshika risasi ya penseli.

"Hiki ni chuma cha kumimina. Kimeyeyushwa kama mafuta kikamiminwa kwenye umbo lake. Masizi yamelala ndani yake vipande vipande, kama makapi kwenye uji. Ukikikalia juu, kinabeba hata nyumba. Ukikivuta, au ukikigonga kwa ghafla, kinapasuka kwa kufuata makapi yale. Hakipindi kwanza. Hakikwambii."

Cha pili kilikuwa kisahani cha jembe la zamani, kazi ya babu yake. Palipovunjika palikuwa na nyuzi, kama muwa ulioraruliwa. "Hiki kina uchafu ndani, lakini umevutwa ukawa nyuzi. Kinapinda, kinalia, kinaomba msamaha, ndipo kinakatika."

Cha tatu na cha nne vilitoka kwenye fimbo moja ya ekseli ya lori. Kimoja, palipovunjika, kilikuwa laini kama unga uliochekechwa mara mbili. Kingine kilikuwa na punje kubwa zinazong'aa, kama ile chumvi ya Uvinza.

"Chuma kilekile kabisa," akasema. "Hiki nilikitoa motoni kikiwa na rangi ya embe. Hiki niliongea na mtu, nikakisahau kikawa cheupe. Punje zikanenepa. Kwa macho ya nje vinafanana kama mapacha. Kigonge hiki cha punje nene, kinakatika mara moja. Cha unga utachoka wewe."

Niliuliza basi kile cha unga hakivunjiki? Akakuna shingo.

"Kinavunjika. Hicho kinachoka."

Nilicheka. Na yeye alicheka kidogo, kwa kunionea huruma nadhani.

Sasa nije kwenye shafti yenyewe. Mwanzoni mwa mwaka huo sabini na nane shafti ya mashine, ule mhimili unaozungusha jiwe la kusagia, ililika mpaka ikacheza kwenye beringi. Spea hakuna. Mwenyekiti wetu wa kijiji, Ansbert, mtoto wa katekista, mtu msafi mwenye kalamu mbili mfukoni, alienda mjini mara tatu akarudi na ahadi. Mwisho akamwendea Celestini.

"Ndugu Celestini, kijiji kinakutegemea."

"Kijiji kitangoja?"

"Mpaka Saba Saba. Wageni wanakuja kuiona mashine."

Celestini alichukua ekseli ya lori iliyokuwa imetupwa, akaichoma, akaiacha ipoe taratibu ndani ya majivu siku mbili ili tupa iweze kuila. Kisha akaanza kuchonga kwa tupa, asubuhi mpaka jioni, wiki tano. Shafti ilikuwa nene katikati, na mwishoni ilipungua unene ili puli iingie. Pale inapopungua ndipo penye habari yangu yote. Yeye aliipunguza kwa mteremko, mviringo mdogo kama shingo ya chungu inavyoshuka begani. Lakini puli tuliyoletewa, ya chuma cha kumimina, tundu lake lilikuwa limekatwa wima. Ikigota kwenye ule mviringo, inabaki upana wa kidole nje, na mkanda unakimbia.

Siku mbili kabla ya Saba Saba Ansbert alikuja kutazama. "Puli haikai."

"Nipe siku nne niupanue mdomo wa puli. Itakaa."

"Sina siku nne. Wewe kata hiyo kona iwe ya mraba, puli igote, basi. Fundi wa mjini amesema hivyohivyo."

"Fundi wa mjini atalala hapa na mashine?"

"Ndugu Celestini, usinifanye niaibike mbele ya wageni."

Nilikuwepo. Nilimwona Celestini akitazama ile kona kwa muda, akishusha pumzi, kisha akachukua tupa yenye ukingo mkali. Kona ikawa ya mraba, safi, nzuri kutazama. Puli ikakaa, kisha akaitia shafti moto na oili iwe ngumu tena. Saba Saba wageni walipiga makofi, unga ukatoka.

Lakini yeye hakutulia. Kesho yake alikuja na nyundo ndogo, akanikabidhi.

"Kila asubuhi, kabla hujawasha, toa mkanda. Gonga shafti hapa mwishoni mara tatu, sikiliza. Ikilia ndefu, washa. Ikilia fupi, usiwashe. Niite."

"Fupi ndiyo ipi, Mzee?"

Alinipeleka kwa Domisiana. Yule mama alikuwa amekaa na vyungu vyake vilivyotoka motoni. Akagonga kimoja kwa kifundo cha kidole: kikaimba. Akagonga kingine ambacho kwa macho kilikuwa kizima: kikasema *tuk*, basi. "Ana ufa huyu," akasema. "Mimi siuoni wala wewe huuoni. Yeye mwenyewe anajua." Nikajaribu vyungu kumi na viwili nikiwa nimefumba macho mpaka akaniambia niende, nimehitimu.

Tangu Julai niligonga kila asubuhi. Ikawa kama sala. Shafti ililia ndefu, nami nikawasha.

Kisha vita vikaja. Nyie mliokuwa wadogo hamjui jinsi habari ilivyoingia: kwa redio ya Ansbert iliyowekwa dirishani, watu wamesimama uwanjani na majembe begani. Vijana wa mgambo wakaondoka. Malori yakawa yanapita usiku na mchana. Ikaja amri kwamba vijiji vyetu vitoe unga kwa ajili ya askari, na Ansbert akaja mashineni na uso ambao sijawahi kuuona, umekauka.

"Nyanda, mashine isizime. Kwenye mstari wa mbele kuna ndugu zetu hawajala."

Nikaendesha tangu alfajiri hadi jua linazama. Mkanda niliukaza zaidi ili usiteleze kwa unyevu wa mvua. Masikio yalivuma hata nikiwa nimelala. Nilikuwa sikai. Nikila nasimama, nikiongea nageuka kutazama puli.

Asubuhi moja, siku nne kabla shafti haijakatika, niligonga nikasikia fupi.

Sikusikia fupi kama chungu cha Domisiana. Ilikuwa imepungua tu, kama mtu anayekujibu salamu akiwa na jambo moyoni. Niligonga tena. Nikajiambia ni unyevu. Nikafuta unga kwenye beringi, nikagonga tena, nikajiambia afadhali. Nje akina mama walishapanga foleni, na Ansbert alikuwa amesimama mlangoni ananitazama, kalamu mkononi. Banda la Celestini lilikuwa hatua mia moja, moshi wake nauona. Nikawasha.

Siku ya pili na ya tatu ikawa fupi zaidi. Ya nne nikagonga mara moja tu, haraka, kama mtu asiyetaka kuamsha mwenye nyumba. Ya tano sikugonga.

Saa tano ya siku hiyo ya mwisho mashine ilipiga kelele moja, kavu, si kubwa sana. Mkanda ukaruka. Puli ikatoboa ukuta wa udongo, ikapita katikati ya foleni, ikagonga jiwe, ikapasuka vipande viwili. Hakuna aliyeumia. Domisiana alikuwa na chungu kipya amebebea mahindi, akakidondosha kwa kuruka pembeni. Kilipata ufa tu, hakikuvunjika. Kishikeni hicho chungu pia.

Ansbert alifika anakimbia. Akaokota kipande cha shafti kilichobaki kwenye beringi, akatazama. Robo tatu ya pale palipokatika palikuwa laini, bapa, karibu panateleza. Robo moja tu ya pembeni ndiyo ilikuwa na punje zilizochanika.

"Huu ni msumeno!" akasema. "Jamani, shafti imekatwa! Mtu ameikata usiku akaacha kipande kidogo ili ivunjike kazini."

Shibuda, mgambo mzee aliyebaki kulinda kijiji, akainama. "Niliwahi kukata bomba. Linakuwa hivihivi, laini. Hii ni hujuma kabisa."

Na katika kata nzima msumeno wa chuma alikuwa nao mtu mmoja.

Walimwita Celestini. Alikuja akijifuta mikono. Hakuwatazama watu, alitazama shafti, jicho moja amelifumba. Nikaona mabega yake yakishuka.

"Msipaguse hapo palipokatika. Funikeni kwa jani la mgomba," akasema.

"Tueleze kwanza," Ansbert akasema.

"Imechoka."

Mtu akaguna, na kicheko kikaanza foleni nzima, kicheko cha watu wenye hofu.

"Imechoka! Ilikuwa inalima?"

"Ipelekeni zahanati!"

"Mzee, chuma kinachoka vipi, kina mifupa?"

Celestini akajaribu. Akasema ufa ulianza kwenye kona ya mraba, mdogo kama unywele, na kila mzunguko shafti inapindwa na mkanda kidogo sana, haionekani, juu, chini, juu, chini, mara maelfu kwa siku, na ufa unatembea. Kuta zake zinasuguana mpaka zinakuwa laini. Kinachobaki kizima kinabeba peke yake hadi kinashindwa. Alisema vizuri. Lakini alipotaja kona, alimtazama Ansbert, na Ansbert akafunga uso.

Wakamfungia kwenye ghala la pamba, kungoja afisa kutoka wilayani. Neno lililokuwa likisemwa lilikuwa hujuma wakati wa vita. Mnajua lilikuwa neno gani. Mtu akiondoka kijijini na neno lile, hamkumtarajia kurudi msimu ule wala mwingine.

Alikaa humo siku nane. Mimi nilizunguka. Nilienda kisimani bila ndoo. Nilienda hadi njia panda ya malori nikarudi. Kila nikipita ghalani nilisema, "Shikamoo, Mzee," naye kutoka ndani, "Marahaba, Nyanda. Umekula?" Sikuwahi kusema zaidi ya hapo.

Usiku wa kuamkia afisa kuja, Ansbert aliniambia niiweke shafti mezani ofisini. Nikaitazama: imejaa oili nyeusi, kutu, vipande vya jani la mgomba. Kwetu huwezi kumpelekea mkubwa kitu kichafu. Hata ngozi ya mbuzi unaipangusa kwanza. Basi kabla jua halijapanda nilichukua mchanga na majivu, nikaenda nayo mtoni, nikaisugua ncha zote mbili mpaka zikang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Nawaapia sikuwa na nia nyingine. Au labda mikono yangu ilikuwa nayo, mimi sikuijua.

Domisiana alinikuta narudi. Alitazama shafti, akatazama majivu mikononi mwangu.

"Umepasugua hapo?"

"Nimesafisha, mama. Kwa ajili ya mgeni."

Akaweka mikono kichwani. Hakulia. Akageuka akaingia nyumbani kwake.

Afisa alikuwa mtu mpole, mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Ofisi ilijaa, wengine madirishani. Celestini akaletwa, nyuzi za pamba nyweleni. Akapewa shafti aeleze. Akaigeuza kuelekea mlangoni penye mwanga, akafumba jicho, kisha akalifumbua.

"Hapa palikuwa peusi," akasema polepole. "Oili ya zamani na kutu ya zamani vilikuwa vimeingia ndani ya ufa. Kitu kilichokatwa usiku mmoja hakiwezi kuwa na kutu ya mwezi. Sasa pameoshwa."

"Nani kaosha?" afisa akauliza.

Mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, majivu bado yako kwenye kucha. Celestini alinitazama mara moja tu, akarudisha macho kwenye chuma.

"Labda mvua," akasema.

Afisa akaandika. "Mwenyekiti anasema mashine ilifanya kazi vizuri hadi jioni ya siku ya kabla. Kwa hiyo imekatwa usiku ule. Mzee, nani mwingine alikuwa anaigusa shafti hii kila siku?"

Hapo ilikuwa apige tu hatua moja: aseme, muulizeni Nyanda, nilimpa nyundo, yeye hugonga kila asubuhi. Maneno machache na yeye anarudi kwake.

"Shafti ni kazi ya mikono yangu," Celestini akasema. "Ikivunjika ni yangu."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo."

Watu wakanong'ona. Shibuda akasema kwa sauti, "Si amekiri huyo?" Ansbert alikuwa akichezea kalamu yake, akiifungua na kuifunga.

Ndipo niliposikia *tuk*.

Domisiana alikuwa amekaa kizingitini, kile chungu chenye ufa amekipakata. Hakunitazama. Alikigonga kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama mtu anayebembeleza mtoto. *Tuk*. Akanyamaza. *Tuk*. Hakuna aliyemjali, kila mtu alidhani ni uchungu wa mke. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nimehitimu kusikia chungu kile. Nilitoka nje, nikaingia, nikatoka tena. Nilifika hadi barabarani. Sauti ilikuwa imenifuata, au nilikuwa nayo kichwani. Nikarudi nikapita katikati ya watu hadi mezani.

"Ililia vibaya siku nne," nikasema.

"Nini kililia?"

"Shafti. Mzee alinipa nyundo. Nagonga kila asubuhi. Siku nne kabla haijakatika ililia fupi. Sikumwita. Nikawasha. Siku ya mwisho sikugonga kwa sababu nilijua. Na kuosha ni mimi, leo asubuhi, kwa mchanga."

Afisa akaweka kalamu chini.

"Siku nne. Kwa hiyo haikukatwa usiku ule."

"Hapana."

"Na kwa nini hukusema siku zote hizi nane?"

Nikasema, "Unga ulikuwa unatakiwa." Ansbert aliinamisha kichwa.

Afisa hakuwa mtu wa kuamini haraka, na sasa hilo lilimfaa Celestini. Aliagiza ule msumeno uletwe, akamwambia Shibuda akate shafti ileile pembeni ya pale ilipokatika, yeye akitazama saa. Shibuda alikata. Alivua shati akakata. Saa nzima ilipita, meno ya msumeno yakaisha, na jeraha kwenye shafti lilikuwa na kina cha ukucha.

"Bado mzee wangu?" mtu akamtania kutoka dirishani. "Si uliwahi kukata bomba?"

"Bomba lilikuwa bomba," Shibuda akasema, jasho likimtiririka. "Hiki ni shetani."

Kisha Celestini akaomba afisa atazame mwenyewe. Alama za msumeno zilikuwa mistari iliyonyooka, kama iliyochorwa kwa rula. Pale palipokatika, ingawa nilisugua, ukiinamisha kwenye mwanga uliona mizunguko, mmoja nje ya mwingine, kama maji yanavyofanya ukitupa jiwe karibu na ukingo. Yote ilianzia sehemu moja: kwenye kona ya mraba. Majivu yangu hayakuweza kuifuta.

"Kila mzunguko ni mahali ufa ulipopumzika," Celestini alimweleza. "Mashine ikizimwa jioni, ufa unalala. Asubuhi unaendelea. Na chuma chenyewe kilikuwa kizuri, tazama punje za hapa mwisho, ni unga. Kimevumilia hadi kimebaki robo. Kisingekuwa kizuri kingevunjika mwezi wa nane."

Afisa alipapasa ile mizunguko. "Na hii kona, nani aliitaka hivi?"

Ansbert akasimama. Nampa haki yake, alisimama. "Mimi, ndugu. Kwa ajili ya Saba Saba."

Celestini alirudi nyumbani jioni ileile. Mimi niliambiwa nitapanda malori ya unga, kupakia na kupakua, hadi itakapoamuliwa vingine. Sikulalamika. Nilikuwa nataka kwenda popote.

Lakini bila unga malori yalichelewa wiki nyingine tano, na kwa siku hizo nilimwona akitengeneza shafti mpya kutoka upande wa pili wa ekseli ileile. Shingo ya mviringo. Na mdomo wa puli nyingine tuliyoletewa ukapanuliwa kwa tupa. Aliyeishika puli isitikisike, siku zote nne, amepiga magoti chini kwenye vumbi la makaa na suruali yake safi, alikuwa Ansbert. Wakati mmoja tu Celestini alisema, "Ndugu mwenyekiti, inua kidogo," naye akainua. Shafti ile ilisaga hadi nywele zangu zikaanza mvi.

Asubuhi ya kuondoka nilimkuta mashineni, mkanda umetolewa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Njoo usikie."

Akagonga mara tatu. Ililia ndefu sana, ikapita ukutani kwenye lile tundu tulilokuwa hatujaliziba. Nikamwuliza lile lililokuwa linanikosesha kukaa. Akachukua tupa, akapangusa kitu ambacho hakikuwa na vumbi, akaniuliza kama nimefungiwa chakula cha njiani. Honi ikalia, nikaenda.

Niliporudi, vita vimekwisha, nilimwuliza tena. Akanipa kiti. Mwaka aliokufa sikuwepo, nilikuwa Kabanga nasukuma mizigo mpakani. Habari ilinifikia Ngara sokoni, wiki tatu zimepita. Nikaenda kwa Domisiana. Alikuwa amezeeka, vyungu hafinyangi tena. Nikamwuliza yeye. Alinikamata mkono akaushika muda mrefu, akasema yule alikuwa mumewe, lakini mengine alikuwa akiongea na chuma tu. Nimewauliza mafundi wa gereji, na padri mmoja, na mtu aliyesomea vyuma kabisa huko mbali. Huyo alinieleza vizuri juu ya punje na ufa, na hilo nikalifahamu. La kwangu akacheka, akasema si la fani yake.

Alikuwa ghalani siku nane. Nyundo alinipa yeye, alijua lazima nilisikia. Nilikuwa nikipita mlangoni kila siku. Mzee Celestini, kwa nini hukulitaja jina langu?